Toleo la nakala chache: kwa nini idadi haiongezwi tu

Malalamiko kuhusu diski za filamu za toleo maalumu yanaongezeka, na mengi yanafanana: kwa nini kampuni itoe nakala 3,000 tu, ziishe upesi, halafu walanguzi waziuze kwa bei ya kuruka? Wengi wameshahukumu kwamba ni ujanja wa kupandisha bei. Kwa sehemu kubwa, si kweli.

Kampuni hizi ndogo kwa kawaida hazimiliki filamu, zinakodi haki. Masharti hutofautiana, lakini mkataba wa leseni hutaja nchi, aina ya diski, muda wa miaka kadhaa na pengine ukomo wa nakala. Mwenye haki hulipwa kiasi cha awali kabla hata diski moja haijauzwa, na hakirudishwi filamu ikidoda. Leseni ikifika mwisho, hutolewa miezi michache ya kumalizia mzigo. Baada ya hapo, kilichobaki hakiuziki, na mkataba unaweza kudai kiteketezwe na uthibitisho utolewe kwa maandishi. Nani atachapa nakala 20,000 za filamu ya miaka ya 1950 yenye wapenzi elfu chache? Twilight Time, kampuni ya diski ya Marekani iliyoanza 2011, iliweka kikomo cha nakala 3,000 kwa filamu zake nyingi, na hata hivyo ilifunga shughuli mwaka 2020.

Uingereza kuna gharama ya ziada. Chini ya sheria ya Video Recordings Act ya 1984, filamu ya kuuzwa kwa diski lazima ipewe daraja la umri wa watazamaji na BBFC, bodi ya kuainisha filamu, inayotoza ada kwa kuzingatia urefu wa filamu, uuze nakala mia au laki. Kuuza bila daraja, isipokuwa kwa kazi zilizosamehewa, kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka miwili, faini, au vyote viwili.

Na tuelewane: toleo likiisha, hakimiliki haijaisha. Kudurufu diski na kuiuza kwa sababu "haipatikani tena" si utetezi. Huko Uingereza kosa hilo linaweza kukufunga hadi miaka 10.

Kabla ya kumpa mlanguzi fedha, ulizia toleo la kawaida. Kampuni za Uingereza kama Arrow na Indicator mara nyingi hutoa baadaye diski ileile bila boksi gumu na kijitabu, kwa bei nafuu. Kwa msomaji aliye Afrika, Blu-ray za Uingereza kwa kawaida zina kanda B (yaani zimefungiwa mashine za eneo fulani la dunia), sawa na mashine zetu. Za Marekani zenye kanda A hazitacheza kwenye mashine ya kanda B.