Je, wajua kwa nini pikipiki iliyozimwa salama jana hukataa kuwaka leo?

Injini ya petroli haina madai mengi. Inataka hewa na petroli vilivyochanganyika kwa kiasi, cheche inayoruka wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Vitatu hivyo vikikutana, inawaka. Kimoja kikikosekana, utapiga kiki mpaka mguu ufe ganzi. Kwa hiyo kazi yote ni kujua kipi hakipo, na kabla hujanunua kifaa chochote kuna kitu kidogo kinachoweza kukuambia: plagi, ile inayorusha cheche ndani ya silinda.

Lakini usiifungue bado. Tazama kwanza swichi nyekundu ya kuzimia injini pale kwenye usukani, maana hugeuzwa kwa kuguswa tu. Tazama koki ya mafuta kama imefunguliwa, na utikise pikipiki usikie kama tangi lina kitu. Halafu stendi ya pembeni: kwenye pikipiki nyingi, ikiwa chini huku gia imeingia, umeme wa injini hukatwa makusudi ili usiondoke nayo ikiwa imening'inia.

Ukibonyeza stata ukasikia "tik" moja, au "tik-tik-tik" bila injini kuzunguka, shuku betri au vichwa vyake vilivyolegea au kushika kutu. Watu wengi hudanganywa na taa: zinawaka, basi wanaona betri ni nzima. Taa hula umeme kidogo sana ukilinganisha na stata. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi au zaidi. Ikisoma 12 kamili, imekwisha. Pikipiki nyingi ndogo za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) huwaka kwa kiki hata betri ikiwa dhaifu, kwa kuwa umeme wa cheche hutoka kwenye magneti ya injini yenyewe. Zile zinazopuliziwa mafuta kwa pampu ya umeme ni ngumu zaidi, kwa sababu pampu nayo inaitegemea betri.

Stata inazungusha vizuri na bado haiwaki? Sasa fungua plagi. Subiri injini ipoe, futa vumbi na mchanga pembeni mwake visije vikadondokea ndani, kisha itoe na uitazame ncha yake.

Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, petroli haifiki. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia mafuta. Weka chombo na uilegeze. Petroli ikitoka kidogo ikakatika, fungua kifuniko cha tangi. Ikianza kutiririka tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba: mafuta yanaposhuka, hewa haina pa kuingilia kuchukua nafasi yake, na mtiririko unasimama. Lakini petroli ikimwagika vizuri na plagi bado ni kavu, tatizo liko kwenye jeti ndogo ya kabureta, kipande chenye tundu la kupitishia petroli. Tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Petroli iliyokaa wiki nyingi huvukiza na kuacha utando wa kunata, nao unatosha kuliziba. Ndiyo maana pikipiki iliyolazwa muda mrefu huwa mkaidi kuliko ile inayotembea kila siku. Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kupuliza. Usiichokoe kwa waya, utapanua tundu na pikipiki itaanza kunywa mafuta.

Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui. Ifute, irudishe kwenye kofia ya waya wake, gusisha chuma chake na injini mbali na tundu la plagi, kisha piga kiki. Umbali huo ni wa lazima, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka tunduni unaweza kushika moto. Shika kofia ya mpira, kamwe si chuma. Umeme wa hapo huweza kupita volti 10,000. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia. Ikiwa ya njano na nyonge, au haipo, jaribu plagi mpya kwanza, kisha ukague kofia, waya na koili inayokuza umeme wa cheche.

Cheche ikiwa nzuri, basi injini imezidiwa mafuta, mara nyingi kwa kuacha choki imevutwa injini ikiwa bado ya moto. Choki hupunguza hewa ili mchanganyiko uwe mzito, jambo linalosaidia asubuhi ya baridi petroli isipovukiza vizuri. Irudishe, vuta akseleta hadi mwisho, upige kiki kadhaa. Hewa nyingi itaingia na kukausha silinda.

Kinachobaki ni mgandamizo. Kiki ikiwa nyepesi kuliko kawaida, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako azungushe injini. Kidole kinapaswa kusukumwa nje kwa nguvu. Kisiposukumwa, usikimbilie kufikiria pistoni. Mwambie fundi apime kwanza nafasi ya valvu, vile vifuniko vinavyoingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda. Valvu zilizobana hazifungi sawasawa, upepo unavuja, na marekebisho yake ni kazi ndogo. Ukiendelea kuiendesha hivyo, valvu ya ekzosti huungua, na hapo kichwa cha silinda lazima kifunguliwe.