Punjab: Jina Pana Kuliko Jimbo

Mtu anapokutana na jina Punjab katika maandishi ya Kiswahili, mara nyingi hulikuta limefasiriwa kuwa "nchi ya mito mitano", na mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye jimbo moja la India wanakoishi Makalasinga. Tafsiri hiyo ina kasoro ndogo. Mawazo hayo yana kasoro kubwa zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba jina hili ni la Kisanskriti, lililorithiwa tangu enzi za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Sivyo. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kiajemi, panj, yaani tano, na ab, yaani maji, wala ndani yake hamna neno lolote lenye maana ya nchi. "Maji matano" hayakai vizuri katika Kiswahili, kwa kuwa sisi hatuhesabu maji, lakini ndivyo jina lilivyoumbwa. Kisanskriti kilikuwa na jina lake, Panchanada, linalopatikana katika Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, na lenye maana ya mito mitano. Kwa hiyo wazo ni la kale, ila umbo tunalolitamka leo lilienea pamoja na Kiajemi, lugha ya watawala na wasomi wa zama za baadaye. Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyetuachia habari za Mombasa na Kilwa, alifika mto Indus mwaka 1333, akaandika kwamba hapo huitwa Banj Ab, na maana yake ni maji matano.

Hata hivyo, Indus wenyewe haumo katika hesabu ya mito hiyo, ingawa wengi huuingiza. Mito yenyewe ni Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej, ambayo huungana mmoja baada ya mwingine hadi kuwa mto mmoja uitwao Panjnad, nao ndio unaoingia Indus karibu na Mithankot, nchini Pakistan. Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili kati ya India na Pakistan, watu kwa mamilioni wakayahama makazi yao, na mwaka 1966 kipande cha India kikagawanywa tena, jimbo jipya la Haryana likazaliwa na sehemu za milimani zikaunganishwa na eneo jirani la Himachal Pradesh. Jimbo lililobaki India linapitiwa na Sutlej, Beas na Ravi pekee. Punjab ya Pakistan, ambayo makao yake makuu ni Lahore, ndiyo kubwa zaidi: sensa ya 2023 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 127, ilhali ile ya India ilikuwa na takriban milioni 28 katika sensa ya 2011. Kwa hiyo mwandishi anayetaja "Punjab" bila kueleza ni ipi anamwacha msomaji njia panda.

Kuhusu dini, ni kweli kwamba Makalasinga ndio wengi katika jimbo la India, lakini kabla ya 1947 Waislamu walizidi nusu ya wakazi wa Punjab nzima, na Makalasinga hawakufikia hata robo. Hapa Afrika Mashariki kosa hili linatugusa, kwa sababu wengi wa vibarua waliojenga reli ya Uganda kuanzia 1896 walitoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu na Wahindu pamoja na Makalasinga. Kumwita kila Mpunjabi kalasinga ni kuwafuta wenzake katika historia yetu wenyewe.

Vivyo hivyo Kipunjabi si lugha ya hati moja. Nchini India huandikwa zaidi kwa Gurmukhi, kutoka kushoto kwenda kulia. Nchini Pakistan huandikwa kwa Shahmukhi, hati yenye asili ya Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Sisi ambao mashairi yetu ya kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini hatuna sababu ya kuziona hizo kuwa lugha mbili.