Bei ya hisa: nani anaipanga, na lini inageuka pesa

Mkulima wa Wete anapopeleka karafuu kavu kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, bei anaijua kabla hajatoka nyumbani. Imeshatangazwa, na mnunuzi yupo. Anayeingia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa mazoea hayo hupotea mapema, kwani bei ya hisa haitangazwi na mtu.

Hisa ni fungu la umiliki wa kampuni. Bei unayoiona kwenye simu ni ile ya biashara ya mwisho kufanyika, yaani kiasi ambacho muuzaji mmoja na mnunuzi mmoja walikubaliana. Inaweza kuwa ya asubuhi hii, au ya wiki iliyopita kama hakuna aliyenunua tangu hapo. Ukiwa na hisa 1,000 na bei ikisoma shilingi 600, usihesabu kuwa una shilingi 600,000 taslimu. Utazipata pale atakapotokea mtu mwenye oda ya kununua kwa bei hiyo.

Wepesi wa kupata mtu huyo ndio unaoitwa ukwasi, na kwa soko letu ni jambo la kuangaliwa kabla ya faida. Hisa za benki kubwa kama CRDB na NMB huuzwa na kununuliwa mara kwa mara. Zipo kampuni nyengine ambazo siku hupita bila hata hisa moja kubadilisha mkono. Pesa ya ada ya skuli ya mwakani isiwekwe huko. Angalia idadi ya hisa zilizouzwa kila siku kwa mwezi mzima, ndipo uamue.

Kununua hakuhitaji kuvuka bahari. Dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, hukufungulia akaunti ya hisa, na programu ya Hisa Kiganjani hukuwezesha kuweka oda ukiwa Chake Chake. Unapoweka oda, taja bei ya kikomo: “sinunui juu ya 600.” Usipoitaja, katika hisa yenye wauzaji wachache unaweza kupewa kwa bei ambayo hukuitarajia.

Kisha kuna gharama, na wengi huzisahau. Tuseme ada zote zimefika asilimia 2. Umenunua kwa shilingi 600,000, umelipa 12,000. Ukiuza, unakatwa tena. Bei lazima ipande kama asilimia 4 ndipo urudishe chako tu. Kwa hivyo kununua leo na kuuza wiki ijayo kunamnufaisha dalali zaidi kuliko wewe.

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwapa wanahisa. Likiwa shilingi 40 kwa hisa, hisa 1,000 zinakupa 40,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 huchukua 2,000, zinabaki 38,000. Analipwa yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa. Uhamisho wa hisa huchukua siku kadhaa za kazi, kwa hivyo aliyenunua jana yake hukosa. Na gawio si ahadi: mwaka wa hasara huenda lisitolewe kabisa.

Hata bei haina ahadi. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma shilingi 850 mwaka 2017, na baadaye zikashuka chini ya hapo.

Hatifungani ni kitu chengine: unaikopesha serikali au kampuni, nayo inakulipa riba kwa tarehe zilizopangwa. Kwa Muislamu anayejiepusha na riba ipo sukuk, ambapo malipo hutokana na mali au biashara halali. KCB Tanzania iliitoa mwaka 2022. Kwenye hisa pia itazame shughuli ya kampuni yenyewe, khasa ikiwa ni benki ya kawaida au kiwanda cha bia, na muulize mwanachuoni anayeijua biashara kabla hujaweka oda.