Lesi ya bobini: uzi ukitatizana, uzi ukikatika

Katika lesi ya bobini kila uzi umeviringishwa kwenye kijiti chake, yaani bobini, na kazi hufanywa jozi kwa jozi juu ya mto uliochomekwa pini. Jozi ishirini tu ni bobini arobaini. Zikivurugika, mtu hushika la kwanza analoambiwa, na mengi anayoambiwa si kweli.

"Nyuzi zimefungana, vuta mpaka ziachie." Mara nyingi hakuna fundo lolote, bobini zimepandana tu. Laza mto, tafuta bobini iliyo juu ya nyingine zote, inyanyue uiweke pembeni, kisha inayofuata. Ukivuta, utakaza kitu ambacho kingefunguka chenyewe.

"Shanga za bobini ni urembo." Urembo upo, lakini shanga za bobini za eneo la katikati mwa Uingereza huzipa uzito na kuzizuia zisibiringike. Za Honiton, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, hazina shanga: ni laini na zimechongoka, kwa kuwa hupitishwa ndani ya vitanzi vidogo.

"Ukikosea, kata uanze upya." Hapana, fumua. Miondoko ni miwili tu. Kupisha: ukishika jozi mbili, kati ya bobini mbili za katikati, ya kushoto hupita juu ya ya kulia. Kusokota: ndani ya kila jozi, ya kulia hupita juu ya ya kushoto. Kufumua ni kuanzia mwondoko wa mwisho ukirudi nyuma, kila mmoja kinyume chake. Ndiyo maana mkono unaofumua mpisho huonekana kama unasokota, na hapo wengi hupotea. Mimi huhesabu kwa sauti. Pini ing'oe ukiifikia. Ukizing'oa tano kwa pupa, nyuzi zote zitalegea na hutajua ipi ilikuwa wapi.

"Uzi ukikatika, funga fundo uendelee." Fundo lililo ndani ya lesi litaonekana daima. Tundika bobini mpya kwenye pini nyuma ya kazi, laza uzi wake sambamba na ule wa zamani, uzifume pamoja kama uzi mmoja kwa pini kadhaa, ndipo uutoe wa zamani. Kama kilichobaki ni kifupi mno kushikika, kiunge kwa fundo na uzi wa bobini ya akiba ili upate pa kushika. Fundo hilo halitaingia kwenye kazi. Badilisha uzi palipofumwa kwa kubana kama kitambaa. Kwenye wavu mwepesi uzi maradufu huonekana waziwazi. Mikia ikatwe kazi ikikamilika.

"Umekatika kwa kuwa ni dhaifu." Huenda, ila uangalie kwanza. Uzi ni nyuzinyuzi zilizosokotwa, na bobini ikizunguka upande mmoja muda mrefu, msokoto huo hufunguka. Kabla ya kukatika huwa bapa, wenye manyoya, nyuzinyuzi zimeachana. Ukiuona hivyo, acha kufuma, izungushe bobini upande wa msokoto mpaka uzi urudi kuwa mviringo.