Dayodi ndani ya amplifaya ya vali: yanayosemwa na ukweli wake

"Ukishaweka dayodi, hiyo si amplifaya ya vali tena." Maneno haya huwakatisha tamaa wengi wanaojiundia amplifaya nyumbani, nayo si kweli. Vali ni ile chupa ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti; dayodi ni kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Dynaco Stereo 70 ya mwaka 1959, ambayo watu wengi waliinunua ikiwa vipande wakaiunganisha wenyewe, ilikuwa na rektifaya (kigeuza umeme wa AC kuwa DC) ya seleni, nayo ni aina ya dayodi, kwenye volti hasi zinazodhibiti mkondo wa vali za mwisho. Amplifaya kubwa za gitaa za Fender na Marshall za miaka ya 1960 nazo zilitumia dayodi za silikoni. Hakuna aliyewahi kuzinyima jina la vali.

Wengine husema dayodi inaua ulaini wa sauti. Hapa pana ukweli kiasi. Rektifaya ya vali kama 5Y3 hula takriban volti 50 ikibebeshwa mzigo wake, na ukipiga gitaa kwa nguvu, volti hushuka kisha zikapanda taratibu. Mkono wa mpigaji huuhisi mshuko huo. Lakini amplifaya ya daraja A yenye vali moja ya mwisho huvuta mkondo ule ule karibu muda wote, kwa hiyo hakuna mshuko wa kupoteza. Ukiutaka kwenye amplifaya ya gitaa, weka rezista ya wati za kutosha baada ya dayodi.

Dhana inayonitia hofu ni hii: "Chomoa vali ya rektifaya, weka dayodi, basi." Niliwahi kufungua amplifaya iliyofanyiwa hivyo. Kapasita ya kwanza, kile kikopo kinachohifadhi chaji, ilikuwa imevimba kichwa, majimaji yamekauka kahawia pembeni yake. Hesabu yake ni nyepesi: transfoma ya volti 325 kila upande hutoa kilele cha volti 460, na dayodi huzipitisha papo hapo, vali zikiwa bado baridi na hazivuti chochote. Kapasita ile iliandikwa volti 450. Dayodi nayo hukabiliwa na mara mbili ya kilele hicho, yaani volti 920. Dayodi ya kawaida ya 1N4007 huvumilia 1000, na umeme wa nyumbani ukipanda kidogo tu, nafasi imekwisha. Mimi huweka mbili mfululizo kila upande, na kapasita za volti 500 au zaidi.

Kuhusu LM317, kidhibiti kidogo cha silikoni, kushikilia mkondo chini ya vali mbili zinazogawa mawimbi kwa pande mbili, wanaodai inaleta "sauti ya transista" wanakosea. Ukuzaji wote bado unafanywa na vali. Kinachobadilika ni kwamba pande mbili zinalingana vizuri zaidi.

Na usiamini kwamba amplifaya iliyozimwa ni salama. Vali zikichomolewa, hakuna wa kunywa chaji iliyobaki, na kapasita zinaweza kukaa na mamia ya volti. Chomoa waya ukutani, pitisha chaji kwenye rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, kisha pima kwa mita kabla ya kuingiza kidole.