Jiwe jeusi kutoka Omani: yanayosemwa kuhusu vimondo, na ukweli wake

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu Maskati au Salala, na mara moja moja mtu hurudi likizo na jiwe jeusi mkobani, akasema ni kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani. Mara nyingi silo. Na likiwa ndilo, huwa limeshapoteza nusu ya faida yake njiani.

"Vimondo huangukia jangwani." Huanguka popote, hata Micheweni, hata katikati ya bahari. Jangwa huvitunza tu. Uwanda wa Jiddat al Harasis, huko Omani, ni chokaa nyeupe isiyo na miti, mvua haba, na jiwe jeusi huonekana hata ukiwa garini. Kwetu masika, vuli na chumvi ya bahari hulila jiwe, na kichaka cha maweni hulificha.

"Sumaku ikinasa, ni kimondo." Mavi ya chuma ya mhunzi nayo hunasa. Tazama kwanza kwa macho: jiwe lenye tundutundu ndani kama mkate wa kumimina karibu kila mara ni mavi ya chuma au jiwe la volkano. Kimondo kilichoanguka karibuni kina gamba jeusi lisilofika unene wa milimita 1, na pengine vibonyeo kama vya dole gumba kwenye unga uliokandwa. Kisha sugua ncha yake nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Alama nyekundu ya matofali au nyeusi kama ya penseli ni ya madini ya chuma ya hapa duniani. Kimondo kwa kawaida hakiachi alama, ingawa kilicholiwa na kutu huweza kuacha ukahawia hafifu.

Sumaku yenyewe ni hatari. Ikigusa, hufuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe limetoka nayo huko lilikozaliwa. Vipande vya kimondo kiitwacho NWA 7034, jiwe lililotoka sayari ya Mirihi, vilikutwa vimeshafutwa hivyo. Tumia dira: sogeza jiwe taratibu, uangalie kama sindano inacheza.

"Lazima kiwe cheusi." Jiwe liitwalo Sayh al Uhaymir 169, lililookotwa Omani mwaka 2002 likiwa na gramu 206, lina rangi ya kijivu-kijani. Lilitoka mwezini.

"Okota upesi, ukalioshe." Hapa ndipo panapoharibika mengi. Usiliguse. Weka rula ya sentimita pembeni (sarafu ya kwetu haijulikani kwingine), piga picha kwa karibu, kisha kwa mbali ardhi ionekane. Subiri simu ionyeshe usahihi wa chini ya mita 5, uandike latitudo na longitudo kwa tarakimu 5 baada ya nukta, pamoja na tarehe. Zunguka mita 20 kutafuta vipande vingine. Kila kimoja kiwe na namba yake. Okota kwa mfuko safi, kwani jasho la mkono lina chumvi. Pima gramu. Usioshe, usipake mafuta, usikate. Likifika kwenye unyevu wa Zanzibar bila vijipakiti vya kukaushia, chumvi iliyomo ndani huvuta maji, likatoka matone ya kahawia, likamumunyika.

"Aliyeokota ndiye mwenyewe." Omani huvihesabu vimondo kuwa urithi wa taifa, kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Jina nalo hutolewa na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, nalo huwa eneo na namba, baada ya maabara kulichunguza na kubaki na gramu 20 au asilimia 20 ya uzito, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Jiwe la gramu 60 hutoa gramu 12.