Marudio ni ya stesheni, kurudia ni kwako

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa Kondele nikieleza mbona Alhamisi usiku huwa sishiki simu za watu. Ni juu siku hiyo tunaangalia Babylon 5, siris ya Marekani ya hadithi za angani, watu tisa, wengine hapa Kisumu, wengine Kakamega, mmoja Nakuru, kila mtu yuko kwake, tunaanzisha episodi saa tatu kamili halafu tunaandikiana ikiendelea. Jamaa wa kiti cha pili akasema, "Omera, siris ya zamani hivyo, si mnaangalia marudio tu." Nimesikia hiyo sana mwaka huu, hata kwa ndugu zangu wa nyumbani, na imefika mahali wacha niiandike.

Marudio ni kipindi ambacho stesheni imekirusha tena. Kurudia ni wewe mwenyewe kukitazama tena, kwa kupenda kwako, ukiwa tayari unajua kinaishia wapi. Basi, maana ni hiyo.

Shida ni watu wanadhani ni kitu kimoja juu mzizi ni mmoja, rudi. Hilo neno lilitoka Kiarabu, radda, na kwetu lina maana mbili ambazo hatuziweki pamoja mara nyingi: kuna kurudi nyumbani, na kuna kumrudi mtoto, yaani kumrekebisha. Sasa ukiongeza ile -a ya kutendea unapata rudia, na rudia inataka kitu mbele yake na mtu nyuma yake, nani anarudia nini, huwezi kuiacha hewani. Lakini marudio ni jina, na ndani ya hilo jina mtu amepotea. Ukisema "leo ni marudio" hakuna anayeuliza nani ameamua, juu tunajua ni stesheni. Sisi tuliokua na KBC tunakumbuka, unakaa chini ungoje Vitimbi mpya, unaona ni ile ya juzi, na hauna la kufanya.

Na sidharau marudio hata kidogo, yamefanya kazi kubwa. Star Trek, siris nyingine ya angani, ilianza stesheni ya NBC mwaka 1966, ikakatwa 1969 ikiwa na episodi 79, na ni marudio kwa stesheni ndogo ndogo za Marekani miaka ya 70 yaliyoiletea mashabiki wengi mpaka ikatengenezewa filamu 1979. Bila hayo huenda hata Uhura, yule mhusika wake, tungemsahau, na jina lake limetolewa kwa neno letu, uhuru. Doctor Who, siris ya Uingereza, nayo ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa, kwa hivyo wiki iliyofuata BBC wakarusha tena episodi ya kwanza kabla ya ya pili. Hayo ndiyo marudio yenyewe, mwenye mtambo ameamua na mtazamaji amepokea. Halafu BBC haohao wakafuta kanda nyingi za miaka ya 60, na mwaka 2013 ndio ikatangazwa kwamba episodi tisa zimepatikana Nigeria, mjini Jos. Shabiki wa zamani angerudia nini na kanda imefutwa? Kurudia kunataka kitu kiwe mkononi mwako.

Kuna wale pia wanasema tunakariri. Hapana, kukariri ni kusema kitu vilevile kilivyo mpaka kishike kichwani, na sisi kila tukirudia tunaona tofauti. Babylon 5 msimu wa kwanza, mwaka 1994, kuna episodi inaitwa Babylon Squared, kuna mtu amevaa suti ya angani ya bluu anatokea na kupotea, na kuna Zathras anaongea maneno yanayokuchekesha tu. Mara ya kwanza unapita. Jibu linakuja msimu wa tatu, 1996, kwa ile War Without End ya sehemu mbili, mnaonyeshwa siku hiyohiyo kutoka upande mwingine, na ukirudia msimu wa kwanza baada ya hapo kila neno la Zathras linakuuma. Unagundua ulielewa vibaya. Ndio maana mimi hupenda ile maana ya pili ya rudi, ya kurekebisha, juu hapo kipindi ni kilekile, wewe ndiye unarudiwa.

Hiyo suti ni ya nani sitasema, kwetu kuna wawili hawajafika hapo. Na hao wawili ndio wanaonyesha vizuri tofauti yenyewe: siris iliisha miaka mingi sana iliyopita, lakini wao hawaangalii marudio, juu hakuna stesheni imewawekea, na hawarudii, juu hawajawahi kuiona. Wanaanza. Umri wa kipindi hauingii hapa kabisa.

Sasa ndugu yangu wa kiti cha pili, ulisema mwenyewe haujawahi kuona hata episodi moja. Kwa hivyo ukija itakuwa sisi saba tunarudia na nyinyi watatu mnaanza. Alhamisi hii ni msimu wa kwanza, episodi ya 20, saa tatu kamili.